Wajibu wetu kwa wanyama, kuanzia nyuki wa porini hadi panya wa maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huzuka karibu kila mara wanyama wanapozungumzwa, na aghalabu hujibiwa kwa ushabiki: huyu anatetea maabara, yule haambiliki kuhusu sungura. Majibu yaliyo hapa hayajifanyi kuwa hayana upande. Upande wenyewe ni huu: kadiri mnyama anavyokuwa mikononi mwetu, ndivyo anavyotudai zaidi. Wa porini anatudai nafasi ya kuishi na mazingira yasiyo na sumu yetu. Wa ndani ya kizimba anatudai karibu kila kitu, kwa kuwa hana mahali pengine pa kukipata.

Binadamu wenyewe wanateseka. Kwa nini tuhangaike na wanyama?

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama huruma ingekuwa fungu la fedha, kwamba ukimpa punda basi yatima anakosa. Historia haionyeshi hivyo. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilipoanzishwa London mwaka 1824, miongoni mwa waanzilishi wake alikuwemo William Wilberforce, yule yule aliyepigana bungeni kwa miaka mingi kukomesha biashara ya utumwa.

Isitoshe, sehemu kubwa ya tunachodaiwa na wanyama haihitaji kutoa chochote. Inahitaji kuacha: kuacha kupulizia dawa mimea ikiwa imechanua, kuacha kumnyanyua panya kwa mkia. Hakuna mtu anayenyang'anywa kitu hapo. Na methali yetu ilishatusuta zamani: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tunajuaje kwamba mnyama anaumia kweli, na si kwamba mwili unashtuka tu?

Kushtuka na kuumia ni mambo mawili. Ukigusa kitu cha moto, mkono huruka kabla hujausikia uchungu. Kazi hiyo hufanywa na uti wa mgongo, ubongo huarifiwa baadaye. Kwa hiyo mnyama kujikunja akichomwa hakutoshi kuwa ushahidi. Watafiti hutafuta mambo mengine. Je, mwenendo wake unabadilika kwa muda mrefu baada ya jeraha? Anashughulika na mahali palipoumia? Yuko tayari kuacha kitu anachokipenda ili akwepe maumivu? Akipewa dawa ya kutuliza maumivu, hayo yote yanapungua?

Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake walidunga midomo ya samaki aina ya trauti kwa sumu ya nyuki au kwa asidi iliyomo kwenye siki. Samaki wale waliyumbayumba, wakasusa chakula kwa saa kadhaa, na waliodungwa asidi wakawa wanasugua midomo yao kwenye changarawe. Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ilipunguza dalili hizo. Mtafiti mwingine, Robert Elwood, naye alifanya kazi na kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ukimpiga kaa huyo shoti ndogo ya umeme akiwa ndani ya kombe, huenda akatoka. Lakini kombe likiwa la aina anayoipenda, huvumilia zaidi kabla ya kulihama. Huyo anapima hasara na faida, na mshtuko mtupu wa mwili haupimi.

Kwa panya tumefika mbali zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Canada walitoa kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa panya. Hutazamwa mambo matano: macho yamebana kiasi gani, pua imetuna, mashavu yametuna, masikio yamerudi nyuma na kuachana, na masharubu yamebadilika yalivyokaa. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2. Aliyefundishwa vizuri anaweza kusimama mbele ya kizimba na kutambua kwamba dawa ya maumivu iliyotolewa asubuhi imekwisha nguvu. Baada ya hapo, kusema "panya hawasemi, tutajuaje" ni uvivu.

Mwaka 2012 kundi la wanasayansi walitia saini tamko huko Cambridge wakisema kwamba binadamu si kiumbe pekee mwenye msingi wa ubongo unaozalisha ufahamu. Walitaja mamalia wote, ndege, na viumbe wengine kama pweza. Tamko jingine la New York la mwaka 2024 lilipanua mpaka: upo uwezekano wa kweli kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo wana ufahamu, na pia wengi wasio na uti wa mgongo, wakiwemo kaa, kamba na wadudu.

Wadudu? Hata nyuki?

Hata nyuki, ingawa hapa tahadhari inahitajika. Mwaka 2022 watafiti wa London walichapisha jaribio la nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya. Waliwekewa vijipira vya mbao kando ya njia ya kwenda kwenye chakula. Hakukuwa na zawadi yoyote kwa kuvigusa, na njia ilikuwa wazi. Nyuki wakawa wanakengeuka kwenda kuvibingirisha, vijana zaidi kuliko wazee. Mmoja alifanya hivyo mara 117. Watafiti wakaliita jambo hilo mchezo.

Je, hilo linathibitisha kwamba nyuki hufurahi? Hapana. Linatosha tu kumnyima mtu uhakika kwamba nyuki ni mashine. Kwa kuwa hatuna uhakika, la busara ni kuchagua njia isiyoumiza pale ambapo gharama yake ni ndogo. Uingereza ilifuata mantiki ya aina hiyo katika sheria yake ya mwaka 2022 inayotambua kwamba wanyama huhisi: iliwaingiza kaa, kamba, pweza na ngisi baada ya jopo la wataalamu kupima ushahidi uliokuwepo. Wadudu bado wako nje ya mlango.

Ustawi wa wanyama na haki za wanyama ni kitu kimoja?

Hapana, na mijadala mingi huharibika hapa. Anayetetea ustawi anakubali kwamba tunaweza kuwatumia wanyama, ila anadai waishi na wafe bila mateso yasiyo ya lazima. Anayetetea haki anasema mnyama si chombo cha mtu, hata akitunzwa vizuri namna gani. Kizimba kikubwa bado ni kizimba. Mwanafalsafa Jeremy Bentham, mwaka 1789, alisema swali la kuuliza si kama mnyama anafikiri au anasema, ni kama anaweza kuteseka. Swali hilo limekuwa msingi wa mengi yaliyoandikwa baadaye kuhusu ustawi, ingawa mwenyewe hakuona ubaya wa kuwala.

Mahakama zimeanza kuvutwa upande wa haki, kwa kusuasua. Mwaka 2016 jaji wa Mendoza, Argentina, aliamuru sokwe aliyeitwa Cecilia atolewe kwenye bustani ya wanyama alikokuwa akiishi peke yake; mwaka uliofuata akapelekwa hifadhi ya Brazil. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo la New York ilikataa ombi kama hilo kwa tembo aitwaye Happy, majaji watano dhidi ya wawili.

Kwa maoni yangu huhitaji kumaliza ugomvi huu ndipo uanze kutenda. Wa ustawi na wa haki hutofautiana kuhusu mwisho wa safari, lakini hatua za mwanzo ni zile zile.

Wachavushaji wa porini wanatudai nini hasa?

Kwanza, tuwajue. Watu wengi wakisikia neno mchavushaji, yaani mnyama anayehamisha chavua kutoka ua hadi ua, hufikiria nyuki wa mzingani na asali. Huyo ni spishi moja. Dunia ina zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na walio wengi hawana malkia, hawana mzinga wala asali ya kuvuna. Jike mmoja huchimba kishimo ardhini au huingia kwenye bua lenye uwazi, huweka donge la chavua na mbochi (maji matamu ya maua), hutaga yai juu yake, huziba, huanza chumba kingine. Hufanya hivyo peke yake hadi afe. Nje ya nyuki wako nzi, vipepeo, nondo, mbawakawa, ndege na popo. Maua ya mkakao huchavushwa na usubi wadogo kiasi kwamba huwezi kuwaona usipokaza macho. Maua ya mbuyu hufunguka usiku, na popo ndio wanaoyahudumia.

Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2016 na jopo la serikali mbalimbali la bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, ilikadiria kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama kwa kiasi fulani ili kuchavushwa, na karibu asilimia 90 ya mimea ya porini itoayo maua. Ukipima kwa uzito wa mavuno, mazao hayo ni takriban asilimia 35 ya chakula chote, kwa sababu nafaka kubwa kama mahindi, ngano na mpunga hazihitaji mdudu. Kwa hiyo wale wanaosema nyuki wakiisha binadamu wote watakufa ndani ya miaka minne wanatia chumvi. Tungeishi, kwa sahani duni yenye wanga mwingi na matunda machache.

Lakini mimi sipendi hoja inayoanzia tumboni. Ukimlinda nyuki kwa sababu anakulisha, siku akipatikana mwenye kukulisha kwa bei nafuu zaidi utamwacha. Nyuki mpweke wa ardhini asiyegusa zao lolote la mtu naye ana maisha yake, na mara nyingi ni sisi tulioyavuruga: tumelima mpaka ukingoni, tumefyeka magugu yote yanayochanua, tumewasha taa usiku kucha hadi nondo wakachanganyikiwa, na tumepaka mbegu dawa.

Dawa za kuua wadudu za kundi la nionikotinoidi ni mfano mzuri wa jinsi madhara yanavyojificha. Mbegu hupakwa kabla ya kupandwa. Mmea unapokua huinyonya dawa na kuisambaza kila sehemu, mpaka kwenye chavua na mbochi. Mkulima haoni nyuki aliyekufa shambani, kwa kuwa dozi ndogo haimuui pale pale. Humvuruga katika kutafuta chakula na kurudi nyumbani, na kwa nyuki bambi hupunguza idadi ya malkia wapya. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za kundi hilo nje ya vibanda vya kilimo vilivyofungwa.

Anayemiliki hata kipande kidogo cha ardhi anaweza kufanya mengi. Acha sehemu isiyolimwa wala kufunikwa, udongo mtupu ulio juani, maana humo ndimo nyuki wengi hutaga. Panda mimea ya asili inayochanua kwa zamu ili chakula kisikatike. Kama lazima upulizie dawa, pulizia jioni nyuki wakiwa wamekwisha rudi, na kamwe si wakati maua yamefunguka. Zima taa za nje zisizo na kazi.

Nikianza kufuga nyuki nitakuwa nimewasaidia?

Utakuwa umepata asali. Nyuki wa asali ni mfugo, na kuongeza mizinga ili kuokoa nyuki wa porini ni sawa na kuongeza kuku ili kuokoa ndege wa msituni. Mizinga mingi mahali penye maua machache huwanyima wengine chakula, na virusi husambaa kupitia maua wanayoshirikiana. Tatizo huwa kubwa zaidi nyuki wanapohamishwa bara hadi bara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chile iliingiza nyuki bambi wa Ulaya ili wachavushe mazao. Walivuka milima hadi Argentina, na nyuki bambi mkubwa wa asili wa Patagonia, mwenye rangi ya machungwa, akatoweka sehemu nyingi alizokuwa akionekana. Ugonjwa waliokuja nao wageni unashukiwa sana.

Fuga ukipenda kufuga, na ufuge vizuri. Usijipe tu jina la mwokozi.

Naruhusiwa kuua mbu?

Ndiyo. Malaria huua watu zaidi ya nusu milioni kila mwaka, wengi wao watoto wadogo. Swali gumu ni lile la kuitokomeza spishi nzima kwa kurekebisha vinasaba vyake, na hapo ifahamike kwamba kati ya spishi zaidi ya 3,000 za mbu ni chache tu zinazoeneza malaria. Hakuna anayependekeza kuwafuta wote.

Je, tuwaingilie wanyama wa porini wanapoumia au kuugua?

Kigezo kinachofaa ni kuuliza nani aliyesababisha. Swala aliyekamatwa na duma yumo katika maisha yasiyotuhusu. Swala aliyenaswa na waya uliotegwa na mtu, kasa aliyekwama kwenye wavu uliotupwa baharini, ndege aliyejigonga kwenye kioo cha jengo, hao ni deni letu moja kwa moja. Kinda aliyekaa chini peke yake, mara nyingi, hajaachwa na mamaye. Yuko anajifunza kuruka na mama anakutazama wewe uondoke.

Wakati mwingine msaada mkubwa hufika bila kumgusa mnyama wa porini hata mmoja. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa unaua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe walichanjwa, ugonjwa ukakosa pa kuishi, na nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka chini ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote.

Madhara nayo hupita njia hizo hizo. Asia Kusini ng'ombe wagonjwa walipewa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa nia njema kabisa. Walipokufa, tumbusi walikula mizoga, figo zao zikaharibika. Spishi tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 ndani ya miaka isiyofika 20. India, Nepal na Pakistan zilizuia matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, na meloksikamu, isiyowadhuru tumbusi, ikashika nafasi yake.

Kuua wanyama vamizi ili kuokoa wa asili, hilo linakubalika?

Linakubalika wakati mwingine, na haliachi kuwa baya. Kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, kilitangazwa mwaka 2018 kuwa hakina tena panya, baada ya helikopta kumwaga chambo chenye sumu miaka kadhaa kabla. Panya hao waliletwa na meli za wawindaji wa sili na nyangumi, wakawa wanakula mayai na makinda. Ndege sasa wanarudi. Lakini sumu iliyotumika huzuia damu kuganda, na panya huvuja damu ndani kwa ndani siku kadhaa kabla ya kufa. Anayesherehekea ndege bila kutaja hilo anasimulia nusu ya habari. Panya hawakuomba kupanda meli.

Na wanyama wa kufugwa kwa ajili ya chakula?

Kwa idadi, hapa ndipo lilipo deni kubwa kuliko yote: wanyama wa nchi kavu zaidi ya bilioni 80 huchinjwa kila mwaka, na wengi mno kati yao ni kuku. Kuku wa nyama wa kisasa amezalishwa ili afikie uzito wa kuchinjwa katika wiki sita hivi, na miguu yake mara nyingi hushindwa kuubeba mwili.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni uhuru wa aina tano, uliotokana na ripoti ya Uingereza ya mwaka 1965 na kuandikwa rasmi mwaka 1979: asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu au ugonjwa, aweze kufanya mambo ya asili yake, asiishi kwa hofu. Uhuru wa nne ndio unaokiukwa kimyakimya. Kuku wa mayai hutamani kutaga mahali pa faragha, kuoga vumbi na kulala juu ya kijiti. Vizimba vya kawaida vilimpa eneo dogo kuliko karatasi ya A4 na hakuna hata kimoja kati ya hayo. Umoja wa Ulaya ulivizuia kuanzia mwaka 2012. Kwingi duniani bado vinatumika.

Kwa nini wanyama bado wanatumika maabara, miaka yote hii?

Kwa sababu kuu mbili, moja nzuri na moja ya mazoea.

Nzuri ni kwamba mwili mzima ni mgumu kuigiza. Insulini ilipatikana Toronto miaka ya 1921 na 1922 kupitia mbwa, na chanjo ya polio isingepatikana wakati ule bila nyani. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotolewa pamoja na hukumu ya madaktari wa Kinazi waliowatesa wafungwa, zenyewe zinasema majaribio kwa binadamu yajengwe juu ya matokeo ya majaribio kwa wanyama. Anayetaka yote yakome kesho anapaswa kusema nani atakayepokea dozi ya kwanza.

Ya mazoea ni kwamba panya wapo, fomu zipo, na mhakiki wa jarida atauliza data ya wanyama iko wapi. Takriban dawa tisa kati ya kumi zinazofaulu hatua za awali, majaribio ya wanyama yakiwemo, hushindwa zikifika kwa binadamu. Thalidomaidi, dawa waliyotumia wajawazito na iliyolemaza maelfu ya watoto kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, huathiri watoto wa sungura tumboni, lakini buku, wale panya wakubwa wa maabara, huivumilia sana. Spishi unayoichagua ndiyo inayokupa jibu, na jibu lenyewe linaweza kukudanganya.

Jaribio lisiloweza kujibu swali lililoulizwa halina utetezi hata kidogo, awe panya mmoja au elfu. Mateso bila maarifa ni mateso matupu.

Kanuni tatu za maabara ni zipi?

Wanasayansi wawili, William Russell na Rex Burch, walizitoa mwaka 1959, na leo ziko katika sheria za nchi nyingi: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi hadi ile inayotosha, boresha utaratibu ili maumivu na hofu vipungue.

Ya tatu hudharauliwa, na ndiyo inayogusa maisha ya mnyama kila siku. Chukua jambo dogo kama kumnyanyua panya. Kwa miaka mingi alishikwa mkia. Mwaka 2010 watafiti Jane Hurst na Rebecca West walionyesha kwamba panya wanaonyanyuliwa kwa mkia huogopa mkono, hukojoa na kunya wanaposhikwa, na huwa na wasiwasi zaidi hata kwenye vipimo vya baadaye. Wanaoachwa waingie wenyewe kwenye kibomba cha plastiki, au wanaobebwa juu ya viganja vilivyokunjwa, huusogelea mkono kwa hiari. Kibomba hicho hukaa ndani ya kizimba siku zote, na gharama yake ni ndogo mno. Tena panya mwenye hofu hutoa data chafu, kwa hiyo hapa huruma na sayansi nzuri zimekaa kiti kimoja.

Au joto: maabara nyingi huwekwa nyuzi 20 hadi 24 kwa kuwa watu wenye makoti wanaona raha. Panya akiachiwa achague, huelekea kwenye nyuzi 30 hivi. Mpe pamba au karatasi za kutosha kujengea kiota na tatizo karibu limekwisha.

Sheria inawalinda wanyama wote wa maabara?

Mnyonge hana haki, na hapa mnyonge ni panya. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Marekani ya mwaka 1966 inawalinda mbwa, paka, nyani na sungura, lakini imewaacha nje panya, buku na ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, yaani wale wale wanaotumika zaidi. Ndiyo, taasisi zinazopokea fedha za serikali kwa utafiti wa afya hubanwa na kanuni nyingine, lakini kisheria panya huyo si "mnyama". Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2010, unawalinda wanyama wote wenye uti wa mgongo pamoja na pweza na jamaa zake. Sayansi ya maumivu haitoi sababu yoyote ya kumtenganisha panya na sungura. Mpaka uliwekwa na gharama na mazoea.

Mbadala zipo kweli, au ni maneno tu?

Zipo kwa baadhi ya kazi. Mwaka 1944 ulibuniwa mtihani wa kuweka kemikali kwenye jicho la sungura aliye hai. Leo tishu ya konea ya binadamu (sehemu angavu ya mbele ya jicho) iliyooteshwa maabara, au macho ya ng'ombe kutoka machinjioni, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013. Marekani, Desemba 2022, iliondoa sharti la kisheria la kujaribu dawa mpya kwa wanyama kabla ya binadamu. Haikupiga marufuku, ilifungua tu mlango kwa seli, vifaa vidogo vinavyoigiza viungo, na hesabu za kompyuta.

Mfano ninaoupenda ni wa yule kiumbe wa baharini mwenye gamba kama kwato la farasi. Damu yake ya buluu huganda ikikutana na sumu za bakteria, kwa hiyo hukamatwa, hutolewa damu na kurudishwa baharini, ambako baadhi hufa, ili dawa za sindano na chanjo zipimwe usafi. Kiambato kinachofanya kazi hiyo kimekuwa kikitengenezwa maabara bila kumgusa mnyama tangu miaka ya 2000. Kilichochelewesha matumizi yake hakikuwa sayansi. Ni vitabu vya viwango, ambavyo hubadilika taratibu.

Kwa ubongo, ujauzito na maradhi yanayohusisha viungo vingi kwa wakati mmoja, mbadala kamili bado.

Nimeombwa kukaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti kama mtu asiye mtaalamu. Niulize nini?

Usiogope istilahi. Waombe waeleze swali la utafiti kwa sentensi mbili. Wakishindwa, jaribio halijaiva. Uliza idadi ya wanyama imepatikanaje, maana idadi ndogo mno ni ukatili sawa na kubwa mno, kwa sababu wote watakuwa wameteswa bila jibu. Uliza nani atawaangalia usiku na mwisho wa wiki, na atatumia kipimo gani cha maumivu.

Kisha uliza ni dalili zipi zikionekana mnyama atauawa mara moja hata kama data haijakamilika, na nani ana mamlaka ya kuamua bila kumpigia simu mkuu wa mradi. Uliza watauawaje. Gesi ya kaboni dayoksaidi hutumika sana kwa panya, na panya hujaribu kuikimbia. Sikiliza wanalijibu vipi hilo. Uliza kama wapo watakaoweza kupewa makazi baada ya utafiti, jambo linalowezekana zaidi kwa mbwa, paka na sungura. Mwisho, uliza kama matokeo yatachapishwa hata yasipopendeza. Jaribio lililofichwa kabatini hurudiwa na maabara nyingine, kwa wanyama wengine, na kamati nyingine itaombwa kibali kile kile.